Nusu ya Uso Niliyoiosha

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na mmoja, na najua inachekesha. Daktari alipima damu yangu mara mbili, mara ya pili kwa sababu nilimsihi, na majibu hayakubadilika: risasi, yale madini ya kuungia vioo, imezidi mwilini, na nikiendelea na kazi ya vioo mikono haitaacha kutetemeka. Papa Mbuyi, mwenye karakana, hakutaka niondoke hivi hivi. "Andika," aliniambia. "Bale batoto habajue kintu." Batoto ni nyinyi mnaobaki. Ukurasa huu nimeuandika mara nne na kuuchana. Huu ni wa tano, na nimejikataza kuugusa.

Sitawaeleza nani alipandishwa cheo. Karakana yetu ina watu wanne na cheo kimoja, na mwenyewe hana mpango wa kukiachia. Nitaeleza nilivyofika, tunavyofanya kazi, na siku nilipofuta uso ambao bibi mmoja alikuwa akiusubiri ili afe bila woga. Hiyo ya mwisho sijawahi kuisimulia vizuri, na kuna sababu ya kuisimulia sasa.

Tulikuja Johannesburg mwaka 1994, baba, mama na mimi. Baba alikuwa mpigania uhuru wa Afrika Kusini aliyeishi Morogoro miaka mingi, mama ni Mluguru, na mimi nilizaliwa huko. Ndugu za baba Soweto walinikumbatia, wakanisemesha Kizulu, kisha wakaninyamazia. Nilikuwa na miaka kumi na minane na sikuwa na lugha ya kuombea hata chumvi. Nikawa natembea. Siku moja huko Kensington nilikuta nyumba inavunjwa, na juu ya lundo la matofali kulikuwa na kioo cha mlango, cha rangi, chenye maua, nusu kimepasuka. Nilikibeba hadi nyumbani nimekipakata kama mtoto mgonjwa.

Nilikifumua kitandani kipande kwa kipande, nikaandika namba kwenye kila kimoja, nikakiunga upya kwa kisu cha jikoni na chuma cha kulehemu cha jirani aliyetengeneza redio. Ilinichukua miezi miwili. Nilipomaliza nilikifumua tena kwa sababu ua moja lilikuwa limeinama. Ndipo nikakipeleka kwa Mkongomani wa Lubumbashi aliyekuwa na karakana ya vioo kwenye barabara kuu ya Kensington. Papa Mbuyi alikigeuza, akatazama mgongo kabla ya uso.

"Nani alikufundisha?"

"Hakuna."

"Inaonekana." Akakigeuza tena. "Kesho, saa mbili. Ukuje na koti, huku iko baridi."

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kunyoosha risasi. Vijiti vyake huja vimelegea kama tambi. Unabana ncha moja kwenye jiliwa, unavuta nyingine kwa koleo mpaka usikie kijiti kinashtuka. Ukivuta kidogo, dirisha litatokeza tumbo baada ya miaka kumi. Ukivuta sana utaanguka kwa makalio. Nilianguka kwa makalio siku tatu mfululizo, na siku ya nne Papa Mbuyi alileta kiti ili acheke akiwa amekaa.

Taratibu zake mnazijua. Piga picha. Bandika karatasi juu ya dirisha, sugua kwa nta nyeusi mpaka mistari ya risasi itokee, andika namba. Ukitaka kuosha, jaribu kwanza mahali padogo kwa pamba na maji, na pamba ikitoka na rangi, simama uulize. Mimi nilizipenda taratibu hizi kupita kiasi. Nilihesabu vipande mara tatu, nikarudi kutoka kwenye lango kuhesabu mara ya nne. Jumamosi moja nilifumua kona ya dirisha alilolimaliza yeye mwenyewe.

"Nani alipita hapa?" aliuliza Jumatatu.

"Mimi, Papa. Kiungo kilikuwa na uvimbe."

"Uvimbe iko kwa roho yako, mutoto."

Miaka ya kwanza tulifanya sana ofisi za Marshalltown, katikati ya jiji, ambako wanawake wa vioo walishika mizani, ngano na magurudumu ya treni. Wote walikuwa na sura moja, ya mtu anayesubiri chai. Nilijifunza kuchora nyuso kwao. Rangi yetu ni unga wa chuma na kioo kilichosagwa. Unaipaka, kisha unachoma kipande tanuruni mpaka rangi na kioo viwe kitu kimoja. Ikishachomwa haitoki kwa maji. Haya niliyasoma mwenyewe maktabani, na kutokana nayo nikajitungia kanuni ambayo hakuna aliyenifundisha: kinachotoka kwa maji si rangi, ni uchafu. Ishikeni kanuni hiyo akilini, kwa sababu ni ya uongo.

Mwaka 1999 tuliitwa kwenye nyumba ya mawe kwenye mteremko wa Kensington. Ilijengwa na mhandisi Mjerumani wa migodi, na binti yake, Bibi Irma, alikuwa bado anaishi humo, mzee wa miaka themanini na kitu, macho yakiona mwanga na vivuli tu. Alitunzwa na MaDlamini, aliyekuwa amefanya kazi humo tangu ujana wake. Dirisha lilikuwa kwenye ngazi, paneli sita, watatu juu na watatu chini, wote miungu wa kike wa Wajerumani na wa watu wa kaskazini mwa Ulaya kabla hawajabatizwa. Mama yangu niliposimulia alisema astaghfirullah, kisha akauliza walivaa nini.

Tulishusha paneli moja kila siku, na kila asubuhi Bibi Irma aliketi kwenye kiti chini ya ngazi kutueleza ni nani anayeshuka.

"Huyu ni Frigg, anashika pia ya kusokotea uzi," alisema siku ya kwanza. "Anajua yatakayompata kila mtu, na hasemi."

"Kama mimi na nyumba hii," alisema MaDlamini.

Akaja Freya na paka wake wawili, anayemlilia mumewe machozi ya dhahabu. Akaja Iduna mwenye matofaa yanayozuia uzee, na Sif aliyekatwa nywele usingizini akasukiwa nyingine za dhahabu. Siku ya tano tukamshusha Skadi, wa milima ya theluji, ambaye aliruhusiwa kuchagua mume kwa kutazama miguu tu, na akakosea.

"Hawu, Gogo," alisema MaDlamini, yaani bibi kwa Kizulu. "Mimi nilichagua kwa viatu. Matokeo yakawa yale yale."

Bibi Irma alicheka mpaka akakohoa, na akakohoa kwa muda mrefu.

Wa sita alikuwa peke yake kwenye kona ya chini, pale ngazi zinapogeuka. Ukuta ule unaelekea kusini na jua haliufikii, kwa hiyo ubaridi wa pale ulikuwa na sababu. Nilijikumbusha hivyo kila nilipopita. Papa Mbuyi, asiyeogopa kitu isipokuwa watu wa uhamiaji, aliweka ngazi yake ya mbao upande ili asimpe mgongo huyo wa sita. Alikuwa mwanamke aliyeketi mbele ya mlango. Uso wake ulikatwa katikati na mstari wa risasi kutoka paji hadi kidevuni. Nusu ya kushoto ilikuwa ya waridi, nzuri, na jicho tulivu. Nusu ya kulia ilikuwa nyeusi kama kitako cha sufuria. Chini yake tu palisimama hita ya mafuta ya taa.

"Huyo kesho," alisema Bibi Irma. "Hadithi yake ni ndefu."

Kesho yake alikuwa hospitali. Kifua kilikuwa kimemkamata alfajiri, na MaDlamini alikwenda naye. Tukamshusha wa sita bila hadithi.

Nataka niseme nilichofikiri, bila kujipunguzia. Nilifikiri: bibi yule atarudi, na nitakuwa nimemaliza kabla ya siku iliyopangwa, na wote sita watang'aa. Niliona hita, niliona weusi, nikajumlisha. Nilijaribu mahali padogo, na pamba ikatoka nyeusi. Nikasema: inatoka kwa maji, ni masizi. Sikumwuliza Papa Mbuyi, aliyekuwa hatua sita kutoka kwangu akinywa chai, kwa sababu nilitaka atakapogeuka akute kazi imekwisha.

Ilitoka kwa urahisi mno. Masizi ya miaka hung'ang'ania. Haya yalijiachia kama yaliyokuwa yakingoja ruhusa. Nilibadili pamba baada ya pamba. Mwishoni nilipitisha kitambaa kikavu, nikainua paneli kwenye mwanga kuona jicho la pili.

Hapakuwa na jicho. Hapakuwa na pua wala mdomo. Mchoraji hakuwahi kuchora kitu upande ule. Palikuwa na kioo kitupu, cheupe, safi sana, katika umbo la nusu ya uso.

Papa Mbuyi aligeuka na kikombe chake. Alitazama paneli, akatazama pamba mezani, akaweka kikombe chini polepole.

"Ulinawisha."

"Nilidhani ni masizi."

"Minaona."

Tuliisimamisha paneli kwenye dirisha la karakana kwa kukosa pa kuiweka. Siku iliyofuata jua lilipoingia, nusu ya waridi haikutupa kitu sakafuni, ila ile tupu ilitupa kipande cha mwanga mkali chenye paji, shavu na kidevu. Kiliingia saa tatu karibu na mlango, kikasogea polepole kupita mezani, kikafika ukutani jioni. Siku ya pili nikagundua kwamba hakuna aliyekikanyaga. Tulikuwa tunakizunguka, sisi sote, na mizigo mikononi, bila kuambiana.

Picha niliyopiga kwa kufuata utaratibu ilionyesha weusi tu. Nikaenda maktaba. Huko nikajua jina lake ni Hel, kwamba nusu yake ni ya mtu hai na nusu ni ya bluu nyeusi kama maiti, na kwamba wakati miungu wengine huwapokea mashujaa wa vita, yeye huwapokea waliokufa kwa maradhi na kwa uzee. Yaani karibu kila mtu.

Nikaamua kumchora. Nilikata kioo kipya, nikachora nusu ya maiti, na kwa kuwa nilidhani wafu hulala, nilichora kope zilizofumbwa. Tanuru lilipopoa, mstari wa kope ulikuwa umeungua ukapotea, na jicho lilikuwa wazi. Nikapunguza moto, nikarudia. Wazi. Mara ya tatu nilipaka mstari mnene, nikakaa kando ya tanuru kama mtu anayelinda chungu. Jicho lilitoka limefumbwa. Ila midomo, ambayo niliichora imekutana, ilikuwa imeachana kidogo.

"Hii ya tatu ni muzuri," alisema Papa Mbuyi.

"Inanitazama."

"Imefumba."

"Najua, Papa."

Tukaiweka kwenye paneli, tukalehemu. Mshono ulikuwa bora kuliko wowote niliowahi kufanya, na nilijisikia vibaya kuona hivyo.

MaDlamini alikuja karakanani wiki hiyo, amevaa koti la kanisani. Bibi Irma alikuwa amerudishwa nyumbani. Hospitali walisema hakuna la kufanya zaidi.

"Anamtaka huyo wa sita," alisema. "Hataki wengine. Kila asubuhi kabla ya chai aliweka kiganja kwenye ule upande mweusi, miaka yote niliyokuwa pale. Sasa anaamka anapapasa ukuta."

Nilimwuliza kwa nini, na nadhani sauti yangu ilikuwa ya kawaida. Alikaa kwenye kiti cha Papa Mbuyi akatueleza. Mhandisi alipoagiza dirisha hakupenda uso wa maiti kwenye ngazi zake, akaamuru upande ule uachwe bila kitu. Kisha kaka mdogo wa Bibi Irma akashikwa na homa ya koo, akafa katika nyumba ile akiwa na miaka sita. Baada ya mazishi mama yao alikwangua masizi ya taa iliyowaka kando ya kitanda cha mtoto, akayachanganya na ute wa yai, akapanda ngazi na kuujaza upande ule kwa kidole chake. Mumewe alipouliza anafanya nini, alisema hawezi kumkabidhi mwanawe kwa mtu nusu.

"Gogo alikuwa mdogo, alishika bakuli," alisema MaDlamini, aliyeniita sisi, yaani dada kwa Kizulu. "Anasema ukipitisha mkono unausikia mkunjo wa kidole cha mama yake. Sasa anaogopa, sisi. Hajawahi kuogopa. Anasema asipomgusa huyo, hajui anakwenda kwa nani."

Alipoondoka nilikitafuta kile kioo kitupu mezani.

Tuliipeleka paneli asubuhi iliyofuata, mimi na Papa Mbuyi, imefunikwa blanketi. Kile kioo kitupu nilikitia mfukoni mwa koti bila kujua nitakifanyia nini. Bibi Irma alikuwa kitandani, mdogo kuliko nilivyomwacha, na jua la baridi limejaa chumba. Tuliilaza paneli magotini pake juu ya mto. Akainua mkono.

Nikaushika. Sijawahi kumshika mtu mzima mkono bila ruhusa, si kabla wala baada.

"Acha aguse," alisema Papa Mbuyi kwa Kiswahili, ambacho hakuna mwingine chumbani aliyekijua. "Huyu mama anakufa. Utamupa nini na ukweli yako?"

"Atajua, Papa. Ni laini."

"Atajua ao hatajua, tutakuwa tumetoka na kufunga mulango."

"Mnasemezana nini?" aliuliza Bibi Irma.

Nikamwambia. Nilisema nimeuosha, kwamba nilidhani ni uchafu, kwamba nimechora mwingine na kuuchoma, na kwamba huo ulio chini ya mkono wake ni wangu, si wa mama yake. Nilisema yote kwa haraka kama anayesoma orodha. MaDlamini alitoa sauti ndogo akaziba mdomo.

Bibi Irma hakuuvuta mkono wake.

"Chini yake palikuwa na nini?"

"Hakuna kitu, Bibi. Kioo kitupu."

"Hakuna hata mstari?"

"Hakuna."

"Miaka yote nilijiambia kwamba pengine baba alimchoresha kwa siri, na mama alimfunika tu," alisema Bibi Irma. "Kumbe kilichokuwepo kilikuwa mama peke yake." Kisha akapitisha kidole juu ya kazi yangu, mara moja, kwenye ile midomo, na akakiondoa upesi. "Hiki kichukue. Huyu ni wa mtu mwingine."

Sijui ni wa nani. Kiko kwenye droo ya chini, kimefungwa gazeti. Msikifungue.

Niliomba radhi. Hakuipokea wala hakuikataa. Alimwambia MaDlamini alete masizi na yai.

Papa Mbuyi ndiye aliyefanya kazi, kwa kuwa mimi nilikuwa sifai. Aliinua kingo za risasi kwa kisu pale pale kitandani, akachomoa kipande changu, akatelezesha kile kitupu mahali pake, akairudisha risasi kwa kidole gumba. MaDlamini alirudi na kisosi. Alikuwa amekwangua hita ya ngazini. Mimi nilishikilia paneli, na Bibi Irma akachovya kidole.

Alipaka vibaya. Rangi ilikuwa nzito huku na nyepesi kule, na alipofika kwenye shavu alivuka mstari wa risasi akaingia nusu ya waridi, doa la urefu wa ukucha. Nilikuwa na kitambaa mkononi. Nililitazama doa lile, na mwili wangu wote ulitaka kulifuta. Nilikiangusha kitambaa sakafuni nikakikanyaga.

Alipomaliza aliweka kiganja juu ya rangi mbichi, akakiacha hapo.

"Ah," alisema, kama mtu aliyefunguliwa mlango.

Alikufa siku nne baadaye, kitandani, kwa ugonjwa na uzee. MaDlamini aliniambia hakupapasa tena ukuta. Tulimrudisha Hel kwenye kona yake kabla ya mazishi, na doa likiwa shavuni, na alama ya kiganja.

Nyumba ilirithiwa na mpwa wa Bibi Irma aliyeishi ng'ambo, na MaDlamini akabaki kuilinda. Mwaka 2004 nilikwenda kukagua dirisha. Watano walikuwa salama. Kwa wa sita nilisimama muda mrefu, kwa sababu nazijua kazi zangu, na juu ya weusi kulikuwa na michirizi ambayo haikuwapo. Mipya, ya kidole kipana kuliko cha Bibi Irma. Niliihesabu. Mara tatu, bila shaka.

MaDlamini alikuwa amesimama chini ya ngazi na ndoo.

"Miwili," alisema, kabla sijauliza. "Binti yangu mwaka juzi. Mdogo wake mwaka huu. Eish, sisi, usinitazame hivyo. Walilala kitandani mpaka wakaisha. Hawakufa vitani. Sasa ningewapeleka kwa nani?"

Mtaani kwetu Soweto miaka ile kulikuwa na mazishi kila Jumamosi, na kila familia ilitaja ugonjwa mwingine. Niliandika kwenye ripoti kwamba paneli ya sita iko katika hali nzuri.

Sasa sababu ya kuandika. Mpwa ameuza. MaDlamini amerudi kwao. Mmiliki mpya wa nyumba, kijana mpole, alipiga simu wiki iliyopita kusema dirisha ni zuri sana, ila mwanamke mmoja ana uchafu usoni, na angependa aonekane vizuri. Mtakwenda nyinyi Jumanne, na mimi nitakuwa nimeketi nyumbani.

Watano waosheni, kwa maji na pamba, bila haraka. Huyo wa kona ya chini msimguse hata kwa kitambaa kikavu. Mwenye nyumba akiuliza, mwambieni ukweli: uso huo umekamilika, na kuna watu ndani yake. Akicheka, mwombeni akae pale ngazi zinapogeuka, saa yoyote ya mchana, na ampe mgongo.